Jedwali la Nchi na Dirisha la Jirani

Jedwali lilianza nyuma ya kalenda ya mwaka uliokuwa umepita, karatasi ngumu yenye picha ya maporomoko ya maji upande mmoja na weupe mtupu upande wa pili. Nilichora mistari kwa rula ya chuma ninayoitumia kazini. Safu ya kwanza: nchi. Ya pili: imefunga nini. Ya tatu: imefungua nini kwanza. Ya nne: je, imefunga tena. Nililibandika kwenye mlango wangu, upande wa nje, kwa sababu ndani hapakuwa na ukuta wenye mwanga wa kutosha. Sikukusudia lisomwe na mtu mwingine. Lakini mlango wangu, hapa Shauri Moyo jijini Nairobi, unatazamana na mfereji, bomba letu sote, na watu wanaosubiri maji husoma chochote kilicho mbele ya macho yao.

Ninaandika haya kwa sababu ya mtu mmoja aliyelisoma akaliamini, jirani yangu mchongaji wa vinyago, na kwa sababu ya kifua chake. Alikuwa mtu wa kuchonga tangu asubuhi hadi jioni, akisimama tu kunywa chai. Mwaka ule wa corona sisi wawili tulidhani tunangoja kujua nchi zitafunguliwa lini. Kumbe kilichokuwa kikiamuliwa, ndani ya chumba chake, ni iwapo angebaki na pumzi ya kufanya kazi hiyo.

Mimi ni fundi wa mizani. Wauzaji wa soko la Muthurwa huniletea mizani iliyolegea, nami huweka juu yake jiwe ninalolijua uzito wake, kisha naurekebisha mshale mpaka useme kweli. Shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo nimesoma kila kilichonipitia, na kilichonipitia zaidi ni magazeti ya zamani, yale yanayouzwa kwa kilo ili yafungie vitunguu na omena. Wanawake wawili sokoni walikuwa wakiniwekea kurasa za habari za nje kabla hawajazitumia. Kwa hiyo habari za dunia zilinifikia zikiwa na umri wa siku kadhaa, wakati mwingine wiki, na zilizokosekana nilizijazia kwa redio. Niliandika kwa kalamu kile nilichokisoma mahali pawili. Nilichokisoma mahali pamoja tu nilikiandika kwa penseli.

Mwanzoni walinicheka.

“Prof,” akaniita mama mboga wa kona yetu, ambaye ndoo zake huwa za kwanza kwenye foleni hata akifika wa mwisho, “hiyo New Zealand umeiweka juu ya Kenya ni ya nini? Kuna mtu hapa ako na shamba huko?”

“Wamefunga mipaka kabisa. Nataka kuona watafungua vipi.”

“Na Bongo je?”

“Rais wao anasema wamemaliza. Ndege za watalii zinaruhusiwa kutua.”

“Si basi twende Bongo!” Foleni ikacheka, kila mmoja ndani ya barakoa yake, na kicheko kikatoka kama kimefunikwa na sufuria.

Kisha kicheko kikapungua, wakaanza kuuliza. Afrika Kusini walikuwa wamekataza sigara na pombe, na wavutaji wa plot yetu, vyumba hivi vya kupanga, waliisoma habari hiyo kwa hofu ya kweli. Rwanda walifunga mapema na kwa ukali, wakawa wanafungua kidogo kidogo, wakiongeza na kupunguza. Uganda waliwafungia watoto shule, na mstari huo niliendelea kuuandika “bado” kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote. Sweden waliacha mikahawa wazi, na mama mboga alikataa katakata kwamba nchi hiyo ipo. Jambo nililolipenda ni kwamba palikuwa na mpangilio. Nchi nyingi zilianza na kazi za nje, zikafuata maduka, ibada kwa idadi ndogo, shule, na mipaka mwisho. Niliutazama mpangilio huo kama ninavyoutazama mshale uliotulia. Niliamini kwamba na kwetu utakuja kutua palepale.

Mchongaji hakuwa akicheka wala kuuliza kuhusu Sweden. Alikuwa na nchi zake. Chumba chake kilikuwa kando ya changu, ukuta mmoja kati yetu, na mkewe alikuwa ameenda nyumbani, upande wa Machakos, kupanda mahindi, siku chache kabla mipaka ya Nairobi haijafungwa. Mke akabaki huko, mchongaji akabaki huku. Alikuwa mrefu, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo meupe, na aliongea taratibu kama mtu anayepima neno kabla ya kulikata.

“Ndugu yangu,” akaniambia asubuhi moja, ndoo yake ikijaa, “nisomee Italia.”

“Wamefunga. Walikuwa wa kwanza Ulaya.”

“Wajerumani?”

“Wamefunga, ila wanaanza kufungua maduka.”

“Hao wawili ndio hununua,” akasema. “Mwingereza huangalia, akasifu, akaenda. Mwitaliano akipenda simba hachezi. Siku Italia ikifungua uniambie kabla ya mtu mwingine.”

Kabla ya janga alikuwa akifanya kazi kwenye banda pamoja na wachongaji wenzake, upande wa kuelekea Gikomba. Nilikuwa nimefika pale mara nyingi kutengeneza mizani yao ya kupimia magogo ya mti wa muhugu. Banda halikuwa na kuta. Wanaume walikaa katikati wakichonga kwa tezo, na gogo lililokuwa bado bichi lilitoa vipande vikubwa vyenye unyevu, si vumbi. Vumbi lilikuja mwishoni, kwenye msasa, na kazi ya msasa ilikuwa na desturi yake. Waliosugua, wengi wao wanawake, walikaa nje ya banda, na kila mmoja aliupa upepo mgongo. Upepo ukigeuka waligeuka wote, pamoja na viti vyao, bila mtu kutoa amri. Nilidhani ni mazoea tu, kama watu wanavyolikimbia jua. Sikuuliza, na kwa mtu anayejisifu kwamba huuliza, hilo ni kosa langu la kwanza.

Amri ya kuzuia mikusanyiko ilipokuja banda lilifungwa. Kila mchongaji akabeba magogo yake nyumbani. Jirani yangu alileta yake kwa mkokoteni, akayapanga chini ya kitanda, na tezo ikaanza kulia upande wa pili wa ukuta wangu. Sauti hiyo haikunisumbua. Iliponyamaza ndipo ilipofuata ile nyingine, ya msasa, laini na ndefu, kama mtu anayefagia sakafu isiyoisha. Na baada ya msasa, kikohozi.

Hapo ndipo maandishi yangu ya penseli yalipofanya kazi ambayo sikuwa nimeyatuma. Nilikuwa nimesoma mahali pamoja kwamba katika nchi fulani watu walikuwa wakipiga simu kuwataja majirani waliovunja masharti. Niliandika pembeni, maneno mawili: “majirani huripoti.” Kwangu ilikuwa alama ya kunikumbusha kutafuta ukurasa wa pili. Kwenye foleni ya maji yalisomwa kama agizo.

“Msee anakohoa kama boda imeisha oil,” akasema kijana mmoja wa plot ya pili.

“Ni vumbi,” nikamjibu. “Anachonga.”

“Vumbi?” Mama mboga akanigeukia. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa na mama yake mzee ndani ya chumba kimoja na yeye, na aliogopa. “Prof, vumbi ni ya barabarani. Huyo hata nje hatoki. Vumbi gani inampata ndani ya nyumba?”

Wakacheka, nami nikaona hoja yake ina mantiki. Leo naliona swali lile kuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa mbele ya mlango wangu. Alikuwa ameuliza kwa dhihaka, nami sikulichukua kama swali.

Kesho yake nilikuta ndoo ya mchongaji imetolewa kwenye foleni na kuwekwa peke yake karibu na mtaro. Hakuna aliyesema ni nani. Aliichukua, akaisuuza, akarudi nayo nyuma ya wote. Watu wakaacha pengo kati yake na wao, pengo kubwa kuliko lile tulilokuwa tumeagizwa.

Nilienda mlangoni kwake siku hiyo mchana. Ndani kulikuwa na simba, vifaru na twiga wamesimama kwenye kitanda, juu ya meza na chini ya dirisha, wote wakitazama mlango, na hewa ilikuwa na harufu tamu ya muhugu, tamu kiasi kwamba unaweza kuionja. Hakuvaa barakoa. Ilining'inia kwenye msumari karibu na mlango, safi, imefuliwa.

“Hapa niko peke yangu,” akasema aliponiona nikiitazama. “Ya nini?”

Nilikubaliana naye. Ndivyo tulivyokuwa tumefundishwa sote: barakoa ni kwa ajili ya watu. Alikuwa akiivaa kwenda mfereji, mahali penye upepo, na kuivua anaporudi kusugua msasa.

“Wanakusikia,” nikamwambia.

“Najua.” Akakohoa, akageuza uso ukutani. “Wakipiga ile simu ya kuripoti nitachukuliwa karantini. Nikichukuliwa, nani atamaliza hawa? Na wewe unasema Italia inakaribia.”

“Inakaribia,” nikasema.

Kisha nikampa wazo langu. Nilikuwa nimesoma zamani kwamba vyumba vya kurekodia sauti hutundikwa blanketi kwenye kuta ili sauti isipite. Nilimweleza kwa makini: kitambaa kizito, kisiachwe hata upenyo, hasa dirishani na chini ya mlango. Yeye alikuwa na shuka tu. Nikarudi kwangu, nikaleta blanketi langu zito la kijivu, nyundo, na misumari midogo ya mizani. Nililipigilia dirishani mwake mwenyewe, msumari kila baada ya upana wa vidole vinne. Kipande cha gunia tukakiweka chini ya mlango. Nilipomaliza nilitoka nje, nikasimama kwenye mfereji, nikamwambia akohoe. Sikusikia kitu. Nakumbuka nilifurahi, kama ninavyofurahi mshale unapotua palepale ninapoutaka.

Italia ilifungua mwezi wa sita. Niliandika kwa kalamu, kwa sababu nilikuwa nimeikuta mahali pawili, na kabla wino haujakauka nilienda kumgongea. Akanishika bega. Siku zile watu hawakushikana.

Kuanzia siku hiyo tezo haikupumzika. Mwezi wa saba mipaka ya Nairobi ikafunguliwa, na foleni nzima ikanipongeza kana kwamba mimi ndiye niliyeifungua. Mchongaji alikuja, barakoa usoni, akasimama mbele ya jedwali kwa muda mrefu.

“Sasa naweza kwenda kwa mama watoto,” akasema. “Nipumzishe kifua. Huko kuna hewa. Unasemaje?”

Nililitazama jedwali. Lilionyesha nchi baada ya nchi zikifungua mipaka ya ndani kwanza, halafu ndege. Redio ilikuwa tayari imesema ndege za kimataifa zitaanza kutua mwezi uliofuata. Kila kitu kilikuwa kinafuata mpangilio.

“Ukienda sasa,” nikamwambia, “wanunuzi watakuja wakukose. Subiri mwezi mmoja.”

Alinitazama machoni, kisha akaitikia kwa kichwa. Hilo neno “subiri” nimelipima mara nyingi tangu wakati huo. Sikulitoa kwa uzembe. Nililitoa nikiwa nimesoma, nimelinganisha na kuhakikisha, na ndiyo maana alilitii.

Mwezi wa nane ndege zikaja. Alipakia vinyago kwenye magunia, akawa anakwenda navyo mjini asubuhi na kurudi navyo jioni kabla ya saa za kafyu. Siku ya kwanza alirudi navyo vyote. Siku ya kumi alirudi navyo vyote. Maduka ya vinyago yalikuwa na milango wazi na wauzaji wamelala juu ya kaunta.

“Wako wapi watu wako?” akaniuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia basi lililochelewa.

Nilirudi kwenye magazeti yangu, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta nilipokosea. Nilipata jibu kwenye ukurasa uliokuwa umeshafungia omena, una madoa ya mafuta, lakini unasomeka. Italia ilikuwa imewafungulia majirani zake wa Ulaya. Mwitaliano hakuwa na ruhusa ya kuja huku kwa matembezi, na yeyote aliyetoka huku alipaswa kukaa ndani siku kumi na nne. Katika safu yangu ya tatu nilikuwa nimeandika “mipaka,” neno moja. Sikuwa na safu ya kuonyesha kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimechukua jiwe la mizani ya watu wengine, nikaliweka kwenye mizani yetu, nikasoma mshale bila kujua uzito wa jiwe.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama mlangoni kwake na ukurasa mkononi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kati ya twiga wawili. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akivuta pumzi na pumzi ikakataa kufika mwisho, kama droo iliyokwama.

“Basi nitasugua hawa waliobaki,” akasema. “Siku zao zitafika. Si uliniambia zote hufungua?”

“Hufungua,” nikasema. Lakini baridi ilipoingia huko Ulaya nchi zikaanza kufunga tena, moja baada ya nyingine, na safu ya nne, iliyokuwa tupu, ikajaa mpaka nikakosa nafasi. Foleni haikunitania tena. Walisoma, wakatazamana, wakachota maji. Upande wa pili wa ukuta msasa uliendelea, na blanketi lilikuwa bado dirishani. Sauti yake haikufika nje. Kwangu ilifika, kwa kuwa ukuta ulio kati yetu sikuuwekea kitu.

Sijui nani alipiga simu. Walikuja asubuhi, wawili, wamevaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, na plot nzima ikaingia ndani kwa mara moja, milango ikajifunga kama ya nyumba moja. Mimi nilibaki kwenye kizingiti changu. Mmoja alikuwa afisa wa afya, mwanamke; nilitambua hilo kwa sauti tu. Walimtoa mchongaji nje, wakamwingizia kile kijiti cha kipimo puani. Hakupinga. Alikuwa amekonda, na katika jua lile la asubuhi ndipo nilipoona kwamba kope zake, nywele za masikio na mikunjo ya shingo vilikuwa na rangi ya muhugu.

Afisa naye aliona.

“Mzee, unafanya kazi gani?”

“Nachonga.”

“Wapi?”

Akaonyesha kwa kidole. Afisa akaingia. Nilimsikia akikohoa ndani ya mavazi yake yote yale. Kisha ikaja sauti ya kitambaa kinachochanika, na misumari midogo ikaanguka sakafuni, mmoja mmoja. Mwanga ulipoingia dirishani vumbi likatoka mlangoni kama moshi, polepole, na wanyama wote mle ndani wakaonekana wana manyoya.

Afisa alitoka na blanketi mkononi. Lilikuwa la kijivu, sasa lilikuwa la kahawia.

“Nani alifunga hili dirisha?”

Mchongaji alikuwa akinitazama mimi. Kati yetu palikuwa na hatua nne, labda tano.

“Mimi,” akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilijua idadi ya misumari. Lakini mavazi meupe yalikuwa mbele yangu, na sikujua anayefunga dirisha la mwenzake anapelekwa wapi. Sikufungua mdomo.

“Huna virusi, nadhani,” afisa akamwambia, akipunguza sauti. “Majibu yatakuja, lakini mimi nadhani huna. Una kitu kingine. Usisugue tena ndani. Nenda ukapigwe picha ya kifua.”

Majibu yalikuja: hakuwa na virusi. Nilipeleka habari hiyo kwenye foleni mwenyewe, na mama mboga alinisikiliza mpaka mwisho.

“Sasa kama si corona,” akasema, “mbona ako hivyo?”

Nilimweleza habari ya vumbi. Alilitazama dirisha la mchongaji, lililokuwa wazi sasa, kisha akainua ndoo ya mchongaji kutoka karibu na mtaro, ilikokuwa ikitengwa tangu siku ile, na kuiweka mbele ya yake. Hakuna aliyelalamika.

Picha ya kifua ilionyesha makovu. Daktari alimwambia kwamba makovu hayo hayatoki, na kwamba vumbi la miti huwaua wachongaji polepole kila mahali wanapofungiwa nalo. Ndipo nilipouliza, nikiwa nimechelewa, kwa nini wale wa bandani waliupa upepo mgongo. Mchongaji alishangaa kwamba sikujua.

“Wazee wetu walitufundisha hivyo,” akasema. “Msasa ni wa nje. Hata mtoto anajua.”

“Na wewe mbona ulisugua ndani?”

“Kila mtu alisema ndani ndiko salama.”

Alihamia nyumbani kwa mkewe kabla mwaka haujaisha. Aliondoka na wanyama wake kwenye magunia, na tezo akaifunga kwa kitambaa kama mtu anayefunga mkate. Aliniomba blanketi.

“Limeharibika,” nikamwambia.

“Litafuliwa. Kule kuna baridi.”

Jedwali niliendelea nalo. Sikuwa na mtu wa kumsomea, lakini ukishaanza kupima ni vigumu kuacha. Tuliwekewa mpaka tena mwaka uliofuata, pamoja na kaunti jirani, ukaondolewa. Kafyu ikaondolewa. Uganda wakafungua shule. Siku tulipoambiwa tunaweza kutembea nje bila barakoa, mama mboga aliitupa yake kwenye jiko lake la makaa, akacheza kidogo. Mwishoni kabisa hata China, waliokuwa wa kwanza kufunga, wakafungua. Safu ya tatu ilijaa. Nililibandua jedwali. Mlango nyuma yake ulikuwa na mstatili wa rangi ya zamani, safi, na mbao zote zilizouzunguka zilikuwa na vumbi jembamba la kahawia. Nilipitisha kidole, nikakinusa. Harufu ilikuwa bado tamu.

Nilimtembelea baada ya hapo. Alikuwa amekaa nje, kwenye kiti cha kukunja, kifua mbele kidogo, namna anavyokaa mtu anayebeba kitu. Tezo ilikuwa imechomekwa juu, kwenye paa la jiko, na kutu imeanza kwenye ukingo. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya furaha, ndiye aliyekuwa akifanya kazi: alisugua vijiko vya mti wa mwarubaini kwa msasa, mbali na sisi, upande ambao upepo ulikwenda, mgongo wake kwetu.

“Nchi zako,” mchongaji akaniuliza. Alisema maneno mawili, akapumzika, akasema mengine. “Zote zimefungua?”

“Zote.”

“Waitaliano wanakuja?”

“Wanakuja. Maduka mjini yamejaa.”

Akatabasamu, na tabasamu likawa kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu. Mkewe alikuja na maji. Kisha akaingia ndani, akatoka na blanketi, akamfunika mabegani ingawa palikuwa na jua. Lilikuwa la kijivu tena, limefuliwa mara nyingi mpaka likawa jepesi. Kwenye pindo nilihesabu matundu madogo, moja kila baada ya upana wa vidole vinne.

“Ni wewe uliyempa hili,” mkewe akaniambia. “Ameniambia. Wakati wengine wanamwondolea ndoo, wewe ulimpa blanketi. Mungu akubariki. Sijui angeishi vipi mwaka ule peke yake.”

Mchongaji hakunitazama. Alitazama kilima, na mkono wake wenye makovu ulishika pindo, ukafunika matundu.

Nilikuwa nimefika pale kwa safari ya asubuhi nzima. Niliweka kikombe chini.

“Mama,” nikasema, “hayo matundu ni ya misumari. Ni mimi niliyeipigilia. Niliziba dirisha lake na hilo blanketi, miezi yote ile, na yeye akiwa ndani anasugua. Na alipotaka kuja kwako mwezi wa saba, ni mimi niliyemwambia asubiri.”

Mkewe aliyatazama matundu, akayapitishia kidole moja baada ya jingine hadi mwisho wa pindo, kisha akamtazama mumewe.

“Ulijua atasema?” akamuuliza.

“Nilijua,” mchongaji akajibu. “Nilikuwa namngoja.”

Mkewe alimtoa blanketi mabegani, akalikunja mara nne, akaliweka mapajani mwangu. Halafu akarudi kwenye kiti chake na vijiko vyake. Upepo ulikuwa umegeuka, ukielekea kwetu. Alisimama, akakibeba kiti, akauzunguka uwanja wote mpaka upande wa pili, akaketi, akatugeuzia mgongo, akaanza tena kusugua.